Waya mtupu au plagi? Kuchagua namna ya kuunga spika za homu thieta

Kabla hujanunua chochote, geuza risiva (ile mashine inayopeleka sauti kwenye spika) uitazame mgongoni, kisha zigeuze na spika. Ubishi mwingi kuhusu plagi gani bora na waya gani bora huishia hapo, kwa sababu mashine yenyewe imeshakuamulia nusu ya mambo.

Mgongoni utakuta kimojawapo kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni klipu za springi: unabonyeza kiulimi cha plastiki, unachomeka waya, unaachia, springi inabana. Cha pili ni nati za kuzungusha, moja nyekundu na moja nyeusi kwa kila spika. Ukiilegeza nati unaona tundu limetobolewa ubavuni mwa kijiti cha chuma. Humo ndimo waya unamopita kabla ya kukaza. Nyingi zina tundu la pili katikati ya kichwa cha nati, na hilo ndilo la plagi. Cha tatu ni visoketi vya plastiki vyenye rangi, vinavyokuja na seti zinazouzwa zikiwa kamili ndani ya boksi moja. Hivyo kwa kawaida havipokei plagi nyingine isipokuwa ile ya mtengenezaji huyo huyo.

Klipu haipokei banana, ile plagi ya pini moja iliyovimba katikati kama ndizi. Mwenye klipu pande zote mbili aruke sehemu inayofuata. Kwake swali ni unene wa waya tu, na pengine pini, ncha nyembamba ya chuma inayofungwa mwishoni mwa waya. Uchaguzi wenyewe uko kwenye nati za kuzungusha, kwa kuwa zinapokea karibu kila kitu: waya mtupu, plagi za banana, pini, na viunganishi vyenye umbo la uma. Tena ncha mbili za waya mmoja hazilazimiki kufanana. Banana upande wa risiva na waya mtupu upande wa spika ni mchanganyiko mzuri kabisa, na mara nyingi ndio ninaoupendekeza.

Waya mtupu na banana

Tuanze na jambo lisilowafurahisha wauzaji: banana haiongezi ubora wa sauti. Waya wa kopa uliobanwa sawasawa na nati ni muunganisho ambao plagi haiwezi kuupita. Ukihesabu viungo, waya mtupu una kimoja tu. Banana ina viwili, kile cha waya kuingia kwenye plagi na kile cha plagi kuingia kwenye tundu, na kila kiungo ni mahali pengine pa kulegea. Anayenunua banana ananunua urahisi na usalama. Hivyo viwili vina thamani yake, lakini visiuzwe kwa jina la sauti.

Urahisi wenyewe unaonekana zaidi kwenye risiva kubwa. Risiva ya chaneli 7, yaani ya spika saba, ina nati 14, mara nyingi zimebanana kiasi cha vidole kukosa nafasi, nayo imekaa ndani ya kabati, mgongo umeelekea ukutani. Kuunga waya mtupu pale ni kazi ya kuinama huku tochi umeishika kwa meno. Ukitumia banana, kuchuna na kufunga waya unakufanya mezani penye mwanga; nyuma ya risiva unasukuma tu. Siku ya kuitoa ili ufute vumbi, unachomoa zote kwa mkupuo na kuzirudisha bila kumenya kitu upya.

Waya mtupu unadai utulivu. Chuna ganda milimita 10 hadi 12, basi. Kisu kipite kwa mkono mwepesi, au tumia koleo la kuchunia, kwa maana nyuzi zinazokatika pamoja na ganda ni unene ulioulipia na usioutumia. Sokota nyuzi kwa mwelekeo mmoja mpaka zishikane ziwe ncha moja ngumu. Pitisha ncha hiyo kwenye tundu la ubavuni, kaza nati kwa vidole, kisha uvute waya kidogo. Ukichomoka, hukukaza. Sasa mulika utazame kilichobaki nje: kopa inayoonekana isizidi milimita moja au mbili, na pasiwe na uzi hata mmoja uliochepuka. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ukitoka kwenye nati nyekundu ukaegemea ile nyeusi jirani yake, hiyo ni shoti. Risiva nyingi za leo hujizima zenyewe na kuandika PROTECT kwenye kioo. Amplifaya isiyo na ulinzi huunguza transista zake za kutolea sauti, na hapo mwenye kufaidika ni fundi.

Kwenye banana nyuzi zote zimefichwa ndani ya plagi, hivyo shoti ya namna hiyo haitokei kirahisi. Ila nayo ina masharti. Plagi inachomoza sentimita kadhaa kutoka mgongoni, na waya unahitaji nafasi zaidi ya hapo ili upinde bila kukunjika. Spika iliyotundikwa ukutani mara nyingi haina nafasi hiyo; huko waya mtupu unashinda bila mjadala, kwa sababu unaingia kwa pembeni na kulala sambamba na ukuta. Jambo jingine ni ubora wa plagi yenyewe. Kipenyo ni milimita 4 kwa zote, lakini zile dhaifu zina vijiuma vya springi vinavyolegea baada ya kuchomwa na kuchomolewa mara chache. Ijaribu kwa mkono: banana nzuri inaingia kwa ukinzani na haichomoki kwa uzito wa waya. Zenye skrubu mbili ubavuni hushika waya vizuri kuliko zenye moja. Rangi ya dhahabu isikusumbue akili. Kazi yake ni kuzuia kutu, haina nyingine.

Kuna onyo moja la banana ambalo watu hulisahau. Katika nchi zinazotumia soketi za umeme za matundu mawili ya mviringo, plagi ndogo bapa za umeme zina pini za milimita 4, zimeachana kama milimita 19. Ukubwa na nafasi hiyo ni karibu sawa na matundu ya banana. Ndiyo sababu risiva nyingi zinazouzwa huko huja na vifuniko vidogo vyekundu na vyeusi vilivyoziba matundu ya katikati. Vinang'oka kwa ncha ya kisu, lakini kama ndani ya nyumba kuna mtoto anayechomeka kila kitu kila mahali, mimi ningeviacha nikatumia waya mtupu. Waya wa spika wenye banana ukiingia kwenye soketi ya ukutani, kinachofuata hakihusiani tena na muziki.

Na unyevu? Kopa iliyo wazi hubadilika rangi polepole, inakuwa ya kahawia, na penye hewa ya chumvi huota kijani. Dawa ni kukata ile ncha na kuchuna mpya, kwa hiyo acha akiba ya waya nyuma ya kila spika, robo mita hivi. Banana haikuepushi na hilo kabisa, maana ndani yake mna kopa ile ile.

Uma, pini na lehemu

Kiunganishi cha uma huingia chini ya nati na kubanwa nayo. Kinashika kuliko vyote, hakichomoki hata mtu akijikwaa kwenye waya, na hiyo pia ndiyo hasara yake: badala ya plagi kuchomoka, spika inaanguka. Kwenye risiva yenye nati zilizobanana mbawa za uma mbili jirani zinaweza kugusana. Kwa spika kubwa za sakafuni zisizohamishwa, sawa. Kwingine sioni haja.

Pini ni za klipu. Zinamfaa mwenye waya mnene ambao haupiti kwenye kitundu cha klipu. Kuna watu hupunguza nyuzi kwa mkasi mpaka waya upite. Usifanye hivyo, pini ipo kwa kazi hiyo hiyo. Mafundi wengine huvika ncha feruli, kile kikofia cha chuma kinachominywa kwa koleo, na matokeo ni yale yale kwa gharama ndogo.

Kutia lehemu kwenye ncha ya waya kunaonekana nadhifu, lakini chini ya nati au skrubu si kuzuri. Lehemu ni laini, inaendelea kubonyea chini ya mkazo, na baada ya miezi kadhaa nati iliyokuwa imekaza unaikuta imelegea yenyewe. Lehemu mahali pake ni ndani ya plagi iliyotengenezwa kulehemiwa.

Waya wenyewe: hapa ndipo pesa iende

Kama una kiasi fulani cha kutumia na unasita kati ya plagi nzuri na waya mnene, chukua waya mnene. Plagi haibadilishi kitu kinachopimika. Unene wa waya unabadilisha, hasa kwa spika za nyuma ambazo waya wake unazunguka chumba kizima.

Sababu ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, nao hupimwa kwa omu. Spika ya omu 8 ikiungwa kwa waya mwembamba mrefu, sehemu ya nguvu ya amplifaya inaishia kwenye waya badala ya spika, na ule uwezo wa amplifaya kuidhibiti koni (sehemu ya spika inayotikisika) isiyumbe unapungua. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa kopa halisi, urefu wa mwisho kutoka risiva hadi spika unakuwa hivi:

| Unene wa waya | Spika ya omu 8 | Spika ya omu 6 | Spika ya omu 4 |
|---|---|---|---|
| 0.75 mm² | mita 8 | mita 6 | mita 4 |
| 1.5 mm² | mita 17 | mita 13 | mita 8 |
| 2.5 mm² | mita 29 | mita 21 | mita 14 |
| 4 mm² | mita 46 | mita 34 | mita 23 |

Pima urefu ambao waya utapita kweli, yaani kando ya ukuta, juu ya mlango, nyuma ya kochi. Kamba iliyonyooka kutoka risiva hadi spika itakudanganya. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinaweza kula mita 12 kwa spika moja ya nyuma. Ukiutazama mstari wa 1.5 utaona unatosha nyumba nyingi, na wa 2.5 unatosha karibu zote. Wa 4 ni mgumu kupinda na ni wa vyumba vikubwa au spika za omu 4 zilizo mbali.

Maboksi mengine hayaandiki milimita bali namba ya AWG ya Kimarekani, na huko hesabu imegeuzwa: namba ikipungua, waya unanenepa. Namba 18 ni takriban 0.8 mm², 16 ni 1.3, 14 ni 2.1, na 12 ni 3.3.

Jedwali hilo linavunjika kabisa ukinunua waya wa alumini uliopakwa kopa, na waya huo umejaa kila mahali. Kwenye boksi huandikwa CCA, ikiwa umeandikwa kabisa. Ukinzani wake unazidi wa kopa kwa karibu nusu, hivyo mita 17 za jedwali zinashuka hadi kama 11. Si waya wa kutupwa. Unafanya kazi, mradi uununue mnene hatua moja zaidi na ujue unacholipia. Ubaya wake mwingine ni kwamba nyuzi zake zinakatika upesi zikipindwapindwa, na kwenye nati inayokazwa mara kwa mara utaziona zikibaki vipande.

Kuutambua ni rahisi. Chukua uzi mmoja uukwangue kwa wembe. Kopa halisi ni nyekundu hadi ndani. Alumini iliyopakwa inatoa weupe mara tu ngozi ya juu inapotoka. Usichanganye na kopa iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, nayo ni nzuri. Uzito pia unasema: roli la alumini linapanda mkononi bila kutegemea. Tena usinunue kwa kutazama unene wa nje. Ganda nene linalong'aa ni mbinu ya zamani. Waya unaojaza kiganja unaweza kuwa na kopa ya 0.75 katikati.

Je, waya wa kawaida wa umeme, ule mlaini wa nyuzi nyingi unaotumika kwenye taa na pasi? Umeme hausomi maandishi ya boksi. Kwa unene uleule wa kopa, unafanya kazi sawa na waya wa spika, na rangi zake mbili zinakusaidia kutochanganya chanya na hasi. Nina pingamizi moja tu: waya huo ukiachwa sakafuni, mtu mwingine anaweza kudhani ni wa umeme akaufunga plagi ya ukutani. Uwekee alama pande zote mbili. Ule mgumu wa uzi mmoja unaopitishwa ndani ya kuta kwa ajili ya taa na soketi sishauri uchomekwe moja kwa moja kwenye klipu. Unasukuma na kuvunja plastiki.

Ukipitisha waya ndani ya ukuta au dari, chagua wenye ganda lililoidhinishwa kwa kazi hiyo kwa ajili ya moto. Marekani alama zake ni CL2 na CL3.

Kuhusu nyaya za bei ya kutisha, zenye mshale wa mwelekeo wa sauti, nitasema kidogo. Hata hoja ya kwamba waya wa kushoto na wa kulia lazima ulingane urefu ili sauti zifike pamoja haina uzito: tofauti ya mita 10 inachelewesha umeme kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, wakati sauti hewani inatembea sentimita 34 tu kwa kila milisekunde. Ukisogeza kichwa sentimita moja umebadilisha mengi zaidi.

Seti za boksi moja

Mwenye visoketi vya rangi ana njia mbili: kutumia waya aliopewa jinsi ulivyo, au kuurefusha. Waya huo kwa kawaida ni mwembamba na mfupi kwa spika za nyuma. Kurefusha, kata katikati, acha plagi ya mtengenezaji upande wake, na uunge kipande cha waya mnene kwa konekta ya skrubu. Kusokota na kuzungushia utepe peke yake ni kutafuta shoti. Rangi nyingi hufuata mpangilio wa kawaida: nyeupe ni mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani ya katikati, bluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, zambarau sabufa (spika ya besi). Si watengenezaji wote wanaoufuata, kwa hiyo soma kibandiko mgongoni. Soma na omu. Spika za seti hizi mara nyingine ni za omu 3 au 4, na kuzihamishia kwenye risiva iliyoandikwa omu 6 hadi 16 ni kuichosha bure.

Sabufa ndiyo inayowachanganya wengi. Yenye waya wake wa umeme ina amplifaya ndani yake, nayo inaungwa kwa waya mmoja wa RCA, ule wenye plagi ya mviringo yenye pini katikati, kutoka tundu la SUB OUT la risiva, hakuna waya wa spika hapo. Isiyo na waya wa umeme inaungwa kama spika nyingine yoyote. Hazibadilishani.

Au kuachana na nyaya kabisa?

Spika za nyuma "zisizo na waya" zina waya. Kila moja inahitaji umeme, kwa hiyo unabadilisha waya mwembamba unaofichika chini ya zulia kwa waya mnene unaotafuta soketi. Kama nyuma ya kochi kuna soketi na kati ya risiva na kochi kuna mlango usiopitika, ni suluhisho la haki. Kama hakuna soketi, umenunua tatizo jipya. Epuka zile zinazotegemea Bluetooth ya kawaida kwa spika za nyuma za filamu. Kuchelewa kwake kunasikika, mlango unafungwa kwenye kioo na kishindo kinafuata baadaye. Kati ya hizo mbili, pale ambapo waya unaweza kupita, napitisha waya.

Chanya kwa chanya

Lolote utakalochagua, nyekundu ya risiva iende kwa nyekundu ya spika. Waya wa spika una alama upande mmoja: mstari wa rangi, mwinuko unaousikia kwa kucha, au maandishi. Amua upande wenye alama ni chanya na usigeuke. Spika moja ya mbele ikipinduliwa, hakuna kitakachoungua, lakini besi inapotea na sauti za katikati zinakosa mahali pa kukaa.

Ukiwa na shaka kuhusu waya uliokwisha kupita ukutani, uchomoe kwenye risiva uguse ncha zake kwa betri ya volti 1.5, chanya ya betri kwenye unaodhani ni chanya. Gusa na uachie. Koni ya besi ikiruka nje, uko sawa. Ikirudi ndani, umepindua.

Kazi yote ifanyike plagi ya risiva ikiwa imechomolewa ukutani. Unapowasha mara ya kwanza, volyumu iwe chini. Ikiandika PROTECT, zima, chomoa, toa nyaya zote za spika mgongoni, uwashe tena tupu. Ikiwaka vizuri, rudisha spika moja moja, ukizima kila mara kabla ya kuunga. Ile itakayoizima ndiyo yenye uzi uliochepuka, na angalia ncha zote mbili.